Kipande cha Fundi

"Bomba hupasukia kwenye kipande cha fundi."

Ndivyo mlivyomsikia Mzee Mbazi akimtania msimamizi wenu asubuhi hii, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Nimewaona kutoka hapa barazani. Haya, egemezeni sururu zenu ukutani mnywe uji, maana huo mtaro wenu wa nyaya za mtandao hautakimbia. Mmeniuliza methali hii imetoka wapi, na mimi siwezi kusema sijui. Imetoka nyumbani kwetu. Fundi mwenyewe ni kaka yangu Togolani, tumbo moja, ziwa moja. Miaka mingi kila nilipoisikia sokoni nilikuwa nainama najifanya nachagua nyanya. Sasa nimezeeka, na aibu nayo imezeeka kidogo, kwa hiyo nitawaambia ilivyokuwa.

Wakati huo hapa Mkongea hatukuwa na bomba hata la dawa. Maji tulichota mtoni. Kwa watu wa Bondeni, kitongoji kile cha mwisho kule chini, ndoo moja ilikuwa safari ya saa nzima, tena kurudi ni kupanda na mzigo kichwani. Wasichana tuliacha shule kwa sababu ya ndoo. Mimi niliishia darasa la tano. Togolani aliendelea, kwa kuwa yeye ni wa kiume na hakuna aliyemtuma maji. Msidhani nasema kwa kinyongo, nasema ilivyokuwa.

Basi Togolani akasoma mpaka chuo cha ufundi wa maji. Aliporudi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, viatu vya ngozi miguuni, kalamu mbili mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshaolewa ng'ambo ya mlima, na mama alikuwa akikaa peke yake. Ulipokuja mradi wa maji huku kwetu, ukaleta mabomba na saruji, Togolani akachukuliwa kwa muda awe fundi wa kusimamia mtaro. Mkubwa wake akamwambia waziwazi: maji yakifika Bondeni kabla ya masika, utaandikwa kazi ya kudumu mkoa mwingine, mshahara wa kila mwezi na nyumba ya kukaa. Kaka yangu hakutaka kitu kingine duniani. Baba yetu alikufa kibarua kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, akazikwa hukohuko, na Togolani alikuwa ameapa kwamba mgongo wake hautainama kwa jembe kama wa baba.

Mabomba yalikuwa ya mradi, lakini kuchimba mtaro ilikuwa kazi yetu wenyewe, kwa msaragambo. Nyinyi mnachimba kwa posho, basi niwaeleze. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu mzima. Kazi inagawanywa vipande, hatua kumi kwa kila nyumba, na kipande chako ni chako. Hakiuzwi, wala huwezi kumtuma kibarua akuchimbie. Tajiri na fukara wote wanainama. Wanaosamehewa ni wagonjwa, na wazee ambao hawana mtu nyumbani. Vipande vyao vinachimbwa na wote kwa pamoja siku ya mwisho, na hakuna anayesema neno.

Siku ya kuandikisha, Mzee Kibacha, mwenyekiti wa msaragambo, alikaa na daftari lake akasoma nyumba moja moja. Alipofika kwetu akasema, "Nyumba ya Mama Togolani. Huyu tumwandike mzee, kipande chake tutachimba wote."

Laiti kaka yangu angenyamaza! Lakini alikuwa amesimama palepale, watu wanamwita Bwana Fundi huku na Bwana Fundi kule, naye akasikia nyumba yake inasomwa pamoja na nyumba za wasio na watu. Ikamchoma.

"Mzee, niandike mimi," akasema. "Nyumba ile ina mwanamume."

Mzee Kibacha akainua macho. "Utachimba?"

"Andika tu, mzee."

Akaandika. Kura ya vipande ilipopigwa, hatua zetu kumi ziliangukia pale barabara ya magari inapokatiza, penye mawe. Watu wakapaita kipande cha fundi, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Kazi ikaanza, na Togolani akawa mkali kama pilipili kichaa. Alikuwa na ufito wenye alama ya mita moja, anautumbukiza mtaroni, usipofika unarudia. Sikatai, kipimo kilikuwa cha haki. Bomba lililo juu hupondwa na magurudumu, na mvua hulifukua. Ila ulimi wake ndio haukuwa na haki. Namkunda, mjane mdogo aliyepakana na kipande chetu, alichimba siku tatu na mtoto mgongoni. Togolani akapima, ukapungua upana wa vidole vinne.

"Bwana Fundi," Namkunda akamwambia, "kwa vidole vinne tu? Kesho nina shamba la mtu."

"Bomba halijui mjane wala tajiri, dada. Linajua mita," akamjibu, na watu wakacheka. Namkunda hakucheka. Siku ya pili alirudi akaongeza vidole vinne.

Jioni ile mama akamuuliza, "Mwanangu, majirani wamemaliza. Kipande chetu je?"

"Mama, nasimamia watu mia mbili. Nitakiona."

Siku zikapita. Msidhani alikuwa mvivu, la. Alikuwa anaona haya. Alijiambia, wakiniona nimeinama mtaroni natoka jasho kama wao, nani ataniita Bwana Fundi kesho? Nitamrudishaje mtu akarudie kazi, naye ameniona natema mate viganjani? Asubuhi moja alijikaza, akafunga sururu kwenye gunia kama mtu aliyeiba, akashuka mpaka barabarani. Alipoifungua tu akasikia wanawake wanakuja wakiongea. Akaitupa sururu kwenye mibuni, akachomoa ufito wake, akajifanya anapima. "Za asubuhi, Bwana Fundi!" wakamsalimu. "Nzuri," akajibu, na sururu ikabaki kwenye mibuni mpaka mama alipoifuata.

Ndiyo, mama. Mnanitazama hivyo kwa nini? Mlidhani nani angechimba? Jina la nyumba liko daftarini, siku zinahesabika, na kibarua haruhusiwi. Mama alikuwa amepita miaka sitini. Alikuwa anakwenda alfajiri kabla watu hawajatoka, anachimba, jua likipanda anarudi kukata majani ya ng'ombe. Namkunda alimkuta siku moja akataka kumsaidia.

"Usinisaidie, binti," mama akamwambia. "Watasema mwanangu hayupo. Nawe usimwambie mtu."

Namkunda akaufunga mdomo wake. Hata mimi nilisikia fununu kule nilikoolewa kwamba mama ameonekana na sururu. Nikasema nitakwenda Jumapili, Jumapili ikafika nina wageni. Hiyo ni aibu yangu mimi, msiiweke kwenye hesabu ya Togolani.

Siku ya nne mama alimwandalia chakula. Alipoisogeza sahani, Togolani akaona viganja vyake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, ameyafunga kwa kitambaa cha kanga.

"Nimegonga mwamba," mama akasema. "Mtaro unanifika magotini, chini yake sururu inalia tu. Kesho nitaujaribu tena."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Angeweza kusema, mama, pumzika, kesho nitashuka mimi mchana kweupe. Angeweza kumwendea Mzee Kibacha akasema, nimeshindwa, mwandikeni mama mzee. Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini mabomba yalikuwa yanatandazwa Jumatatu, mkubwa wake anakuja, na barua ya kazi haijatiwa sahihi. Akatazama sahani, akasema, "Inatosha, mama. Pale panatosha."

Jumatatu akapita na ufito mbele ya watu wote. Akapima kipande cha Namkunda, kikafika. Alipofika kwenye chetu akakiruka kwa hatua moja kubwa, akaita kwa sauti, "Sawa!" Bomba likalazwa, likafukiwa, na barabara ikasawazishwa juu yake.

Maji yalifika Bondeni siku kumi na mbili kabla ya masika. Mngeona vigelegele! Wanawake watu wazima walikaa chini ya bomba wakaachia maji yawamwagikie kichwani, wanalia na kucheka. Namkunda alimshika Togolani mkono akamwambia ahsante, na hakutaja vidole vinne. Barua ya kazi ikaja. Masika yakaja nayo, kaka yangu akaanza kufunga sanduku, aondoke Jumatatu.

Alhamisi ya kabla yake, lori la tangawizi likapanda lina mzigo juu ya mzigo. Mvua ilikuwa imelainisha udongo pale barabara inapokatiza mtaro. Gurudumu likadidimia, dereva akakanyaga mafuta, likazidi kuchimba. Chini kitu kikalia, paa! Maji yakaruka juu kuliko bodi la lori.

Zamani hizo simu hatuna. Habari huku milimani ilikwenda kwa koo la mtu, kutoka mteremko huu mpaka ule. Namkunda ndiye aliyekuwa karibu. Akasimama juu ya jiwe akaita upande wa Bondeni, wafunge bomba zao, maji yameshakatika.

"Bomba limepasukaaa!"

Kutoka chini mtu akaitikia, "Wapiii?"

Namkunda alijibu kama mtu yeyote angejibu, kwa jina ambalo pale palikuwa nalo: "Kwenye kipande cha fundiii!"

Yule wa chini akampasia wa ng'ambo: "Ni kwenye kipande cha fundi!" Wa ng'ambo akampasia wa juu. Togolani alikuwa uani anapiga viatu rangi. Akalisikia neno lile linazunguka bonde, sauti hii inalipokea kwa sauti ile, wanaume, wanawake, mpaka likafika kwenye ua wetu kwa mdomo wa jirani aliyechungulia juu ya uzio na kusema kwa upole, "Bwana Fundi, wanasema ni kwenye kipande chako." Aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake asubuhi baragumu likalia. Nami nilikuwepo siku hiyo. Habari ilinikuta, nikaja. Watu wote walikusanyika palepale barabarani, kulizunguka lile shimo. Bomba lilikuwa limelala wazi, limepasuka, na kila mwenye macho aliona halikuwa hata nusu ya kipimo. Pembeni yake kipande cha Namkunda kilikuwa kimezama chini kama kisima. Watu wa Bondeni walikuwa wamekuja na ndoo tupu, kwa kuwa baada ya hapo walikuwa wanakwenda mtoni.

Kabla Mzee Kibacha hajafungua daftari, mama akasimama. Bado alikuwa na kovu viganjani.

"Kosa ni langu," akasema. "Niliuchimba mimi. Nguvu zilinishinda, sikumwambia mtu. Nipigeni faini."

Jamani, nilimtazama kaka yangu. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, anatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, inuka, Togolani, inuka mwanaume wewe! Hakuinuka. Alimwacha mama amesimama mbele ya watu mia mbili kwa muda ambao ungetosha mtu kunywa kikombe cha chai. Kushindwa kuchimba ni kosa, lakini ule muda ndio uliomzeesha.

"Keti, Mama Togolani," Mzee Kibacha akasema. "Huku hatuihukumu sururu. Bwana Fundi, kipande hiki nani alikipitisha?"

"Mimi," Togolani akasema.

"Ulipima?"

"Sikupima."

"Wengine wote ulipima. Hata vidole vinne uliviona. Hapa hukupima kwa nini?"

Akainua uso, machozi yanamtiririka mbele ya watu aliokuwa akiwaogopa wasimwone na jasho.

"Kwa sababu nilijua hakifiki."

Mimi nilidhani watamzomea. Heri wangemzomea. Mzee Kibacha alifunga daftari akasema, "Hiki tutachimba wote," akavua koti lake.

Mnaelewa alichosema? Alikisema kama vinavyosemwa vipande vya wagonjwa na wazee. Watu wakashuka mtaroni zamu kwa zamu, wenye nyundo wakaupasua ule mwamba, wenye mikono wakatoa mawe. Namkunda naye alishuka. Togolani akavua viatu, akakunja suruali, akaja kuomba sururu. Mzee Kibacha akaiweka nyuma ya mgongo.

"Wewe kaa, mwanangu," akamwambia bila ukali wowote. "Mgonjwa hachimbi kipande chake."

Akakaa. Kutwa nzima alikaa peku pembeni ya barabara, mwanamume wa miaka ishirini na sita, mzima wa viungo, anachimbiwa. Mimi nilichimba, mikono ikaniuma, na nilifurahi kwamba inauma. Kila mtu aliyepanda kutoka mtaroni alimpita, na kila mmoja alimsalimu kwa heshima, "Pole, Bwana Fundi." Walimaanisha. Pole hiyo ndiyo iliyomuua.

Nyumbani mama hakumkaripia. Alimwandalia chakula kama kawaida, akamuuliza kama sanduku limefungika. Togolani akapiga magoti, "Mama, nisamehe." Mama akamwambia, "Nimeshasamehe, kula." Lakini hakula. Jumatatu akaondoka mapema kabla watu hawajafungua milango, akaenda kwenye kazi yake ya mshahara na nyumba.

Alikaa huko miaka kumi na tisa. Alimjengea mama nyumba ya bati, akanisomeshea wanangu wawili, kwa hiyo msije mkasema nimemkalia kikao kaka yangu. Ila likizo hakuja. Pesa zilikuja, salamu zilikuja, yeye hakuja. Alikuja kumzika mama. Tulipomaliza matanga tukakaa wawili jikoni, ndipo akaniambia jambo hili.

Alisema mwaka mmoja alikuwa anasimamia mtaro mkubwa kule bara, mbali kabisa, watu hawajui hata huku kwetu Upare ni wapi. Huko alikuwa ameshaanza desturi ya kuchimba kipande cha kwanza mwenyewe, na vibarua wanamshangaa. Siku hiyo wawili walikuwa wanabishana mtaroni, na mzee mmoja kibarua akamwambia mwenzake, "Angalia sana. Bomba hupasukia kwenye kipande cha fundi."

Kaka yangu akawasogelea. Akajikaza, akamuuliza, "Mzee, neno hilo umelitoa wapi?"

"Ah, bosi, hiyo ni methali. Maneno ya wahenga."

"Maana yake nini?"

"Maana yake, anayewapima wenzake asipojipima, kazi ya wote huharibikia kwake. Na mjuzi ana dhambi kubwa kuliko mjinga, maana yeye alijua."

"Na huyo fundi, ilikuwaje?"

Mzee akacheka. "Nitajuaje, bosi? Huyo ameshakufa zamani, hata kaburi lake halionekani."

"Nilitaka kumwambia hajafa," kaka yangu akaniambia. Alikuwa anachochea moto uliokuwa hauhitaji kuchochewa. "Nilifungua mdomo kabisa, Nakijwa. Nikashindwa."

Haya, uji umekwisha, chukueni sururu zenu. Na yule msimamizi wenu mwambieni Bibi Nakijwa hamcheki. Mwambieni akapime kipande chake leo, mbele yenu, aone haya sasa hivi wakati mtaro bado uko wazi. Ukishafukiwa, wajukuu zangu, hakuna namna: bomba hupasukia kwenye kipande cha fundi.